Beki mkongwe wa "bure": timu ya Moshi imchukue au imwache?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, bidhaa moja hurudi sokoni bila kukosa: beki aliyevuka miaka 34, mkataba wake umekwisha, klabu yake haikumwongezea, na wakala wake anazunguka mikoani akinadi kwamba mchezaji huyo ni wa bure. Kwa Moshi, mji ulioondokewa na Ligi Kuu Polisi Tanzania iliposhuka mwaka 2023, mnada wa namna hii unavutia. Mfuko ni mdogo na hamu ya kupanda ni kubwa.

Neno "bure" ndilo linalopaswa kuchunguzwa kwanza. Kisicholipwa ni ada ya uhamisho peke yake. Dau la kusaini lipo, mshahara upo, pango la nyumba lipo, daktari yupo, na wakala naye ana chake. Mfanyabiashara wa mitumba pale Memorial hapigi hesabu ya belo kwa bei ya kununulia tu. Huuliza pia nguo ngapi zitauzika.

Hesabu ya mfano tu: dau la Sh. milioni 12 na mshahara wa Sh. milioni 2 kwa mwezi ni Sh. milioni 36 kwa mwaka. Ligi ya timu 16 ina mechi 30. Mkongwe akicheza mechi 20, kila mechi imegharimu Sh. milioni 1.8. Goti likimsumbua akacheza 8, kila moja imegharimu Sh. milioni 4.5. Na mwisho wa msimu hana bei ya kuuzwa tena, wakati kijana wa miaka 20 aliyecheza mechi hizo hizo anaweza kurudisha fedha zote na faida juu. Mkulima wa Old Moshi anajua kwamba mbuni mkongwe ukikatwa kisiki huchipua na kuzaa tena. Beki hakatwi kisiki.

Hata hivyo, kusema mkongwe asiguswe kabisa ni kukosa macho ya biashara. Moshi yenyewe ina mfano. Kelvin Yondani, aliyezaliwa Oktoba 1984, alishindwa kuafikiana na Yanga juu ya mkataba mpya mwaka 2020. Mwanzoni mwa 2021, akiwa na miaka 36, akatua Polisi Tanzania. Ulikuwa msimu mgumu, kwani timu 4 zilishuka moja kwa moja ili ligi ipungue kutoka timu 18 hadi 16, na Polisi ilibaki. Baadaye akaenda Geita Gold iliyokuwa imepanda daraja, na msimu wa 2021/22 Geita ikamaliza nafasi ya 4. Mabao 17 ya George Mpole yalifanya kazi kubwa zaidi huko, na hakuna sababu ya kumpa beki mmoja sifa zote. Lakini klabu mbili ndogo zilimchukua mtu ambaye klabu kubwa ilimwacha, na hakuna iliyozama msimu huo.

Kinachowindwa si kidogo. Mkataba wa televisheni wa Ligi Kuu uliotiwa saini na Azam Media mwaka 2021 ni wa Sh. bilioni 225.6 kwa miaka 10, na aliye nje ya Ligi Kuu hagusi fungu hilo. Aidha, Simba au Yanga ikipanda Moshi kucheza Uwanja wa Ushirika, nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, na daladala za kutoka Old Moshi hazishushi watu njiani.

Kwa hiyo jibu ni kusajili, lakini mmoja tu, na nafasi yake iwe katikati ya ulinzi, ambako kusoma mchezo huziba upungufu wa mbio. Mkataba usizidi msimu mmoja. Dau ligawanywe, nusu ilipwe baada ya vipimo vya afya na nusu mzunguko wa pili ukianza, kisha posho ya kila mechi iwe nono kuliko mshahara. Akikataa posho ya mechi, huenda mwenyewe anajua goti lake lilivyo. Pembeni yake apangwe kijana, hata awe wa kutoka Kidia, ili fedha hiyo ilipie na mafunzo.

Miaka miwili isikubaliwe hata kwa punguzo. Lazarous Kambole hakuwa mzee alipojiunga na Yanga mwaka 2022, lakini alicheza kwa nadra, na mwaka 2024 FIFA iliifungia klabu hiyo kusajili kwa sababu ya madai yake. Yanga ina wafadhili wa kuzima moto wa namna hiyo. Klabu ya mkoani ikifungiwa katikati ya dirisha, msimu wake umekwisha kabla ya mechi ya kwanza.