Nuru ya Sebuleni na Stara ya Jirani



Jamaa zetu wengi waliohama Mombasa, Malindi na Lamu kwa ajili ya kazi za Nairobi wamejenga Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, aghalabu kwenye viwanja vya futi 50 kwa 100. Jirani akiinua ghorofa, sebule ya chini huingia giza: saa saba mchana taa inawaka, na mama akitaka kutunga uzi sindanoni hulazimika kutoka mlangoni. Ndipo mtu husema, "Tutoboe dirisha ubavuni." Kabla ya kushika nyundo, tutazame mambo matatu.

La kwanza ni jua lenyewe. Sisi wa Pwani tumelelewa kulikimbia. Lakini Kitengela ni nyanda za juu. Mwezi wa Julai nyumba ya giza huwa pia nyumba ya baridi. Dirisha pana la mashariki, ambalo Mombasa lingetuchosha kwa joto, huko ni neema ya asubuhi. Kaskazini na kusini hutoa nuru tulivu, kwani karibu na ikweta jua la adhuhuri hupita juu sana, na upenu mfupi hutosha kulizuia. Magharibi tufungue kwa kiasi, maana jua la alasiri huchoma.

La pili ni ukuta. Wengi hutamani kuvunja ule ulio baina ya sebule na jiko. Iwapo umebeba zege la ghorofa ya juu, kuuvunja bila kuweka boriti ni kuhatarisha roho za watu wa nyumbani. Mhandisi autazame kwanza, na kibali cha serikali ya kaunti kitangulie.

La tatu, nalo ndilo zito, ni stara. Dirisha lenye kutazama uani kwa jirani hukupa nuru kwa kumnyima yeye faragha, na mafakihi tangu zamani wameizuia milki ya mtu isiwe dhara kwa mwenziwe. Wazee wetu wa Lamu walilitatua jambo hili kwa ujenzi. Nyumba zao za mawe zimefunga kuta upande wa njiani, ila zina kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Nuru hushuka hapo, ikaingia msana, na lipu nyeupe ya chokaa ikaieneza hadi vyumbani.

Hekima hiyo yaweza kuhamia Kajiado. Dirisha la ubavuni liinuliwe kupita kimo cha mtu, lipitishe mwanga pasi na macho. Ua wa nyuma uondolewe takataka, ufunguliwe mlango mpana wa kioo. Dari na kuta zipakwe rangi nyeupe. Hilo ndilo la gharama ndogo, basi na lianze.

Na kabla fundi hajaitwa, jirani apigiwe hodi, aonyeshwe mahali dirisha litakapokaa. Akiridhia leo, hatalizibia ukuta kesho.

Wallahu aalam.