Sehemu ya 6: Kabla hujalipa ukumbi wa ufukweni, uliza maji

Niliahidi leo tuendelee na homa za watoto, lakini tuziweke pembeni kidogo. Msimu wa harusi umeanza, na kila kadi ninayoletewa ni ya ufukweni: ngome, jumba la kale, baraza ya mawe inayotazama bahari.

Sina ugomvi na kumbi hizo jamani. Ngome Kongwe ipo pale Forodhani tangu Waarabu wa Oman walipowatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600. Ukikaa mle ndani jioni taarab inapigwa, utaelewa kwa nini watu wanalipa. Mimi mwenyewe nimecheza humo mpaka viatu nikavishika mkononi.

Ninachosema ni kimoja. Ukialika watu na watoto wao kwenye jengo la kale kando ya bahari, tafuta mtu wa kuwatazama watoto upande wa maji, na umlipe kabla hujamlipa mpiga picha. Si shangazi. Si dada wa kazi aliyeshikishwa pochi tatu na mtoto mchanga. Mtu mzima anayejua kuogelea, ambaye siku hiyo hana kazi nyingine, na haendi kula mpaka apokelewe.

Kwa nini mtu, kwa nini tusiseme waweke vyuma? Kwa sababu Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na majengo ya namna hii huwezi kuyachoma misumari utakavyo. Hata Ngome, ambayo haimo majini: mtoto akitoka mlangoni anavuka barabara, anapita bustani, yuko ukingoni. Na pale ukingoni jioni vijana wanapiga mbizi kwa mbwembwe. Mtoto wa miaka 4 akiwaona anadhani ni mchezo wa kila mtu.

Halafu kuna suala la maji kujaa, ambalo kamati za harusi hazilizungumzi kabisa. Watu wanapenda mwezi mpevu, picha zinapendeza. Lakini mwezi mpevu ndiyo bamvu. Kwetu Unguja siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake inakaribia mita 4. Basi mnakwenda kukagua ukumbi saa nne asubuhi, mnaona mchanga mweupe mpaka kule, mnasema watoto watacheza hapa. Siku ya shughuli mnafika saa kumi, mchanga haupo. Maji yako kwenye ngazi. Kakague saa ileile ya sherehe, na mvuvi yeyote atakuambia tarehe yako iko bamvu au la. Haombi hata shilingi.

Miaka miwili nyuma, nikiwa zamu ya jioni, tuliletewa mtoto wa kike na gauni lake la shanga, limelowa. Sherehe ilikuwa kwenye jumba la zamani, silitaji. Watu wazima watano walikuwa hatua kumi kutoka zile ngazi na hakuna aliyesikia kitu. Mtoto anayezama hapigi kelele mama, hana pumzi ya kupigia. Mama yake alikuwa anarudia neno moja: "Nilijua yuko kwa bibi yake." Bibi naye alijua yuko kwa mama. Alipona, alhamdulillah, kwa sababu kijana wa boti alimtoa na akampulizia pumzi palepale mchangani.

Naomba mlishike hilo. Usimning'inize kichwa chini, usimminye tumbo kutoa maji, muda unapotea. Kama hapumui, mlaze chali, rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, mpe pumzi 5. Haamki? Bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyohivyo huku mwingine akitafuta gari. Na hata akizinduka akaomba keki, mlete hospitali aangaliwe.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuandika kwenye kadi "watoto hawaruhusiwi". Mimi sikubali. Mama anayenyonyesha atamwacha nani? Na harusi zetu bila watoto kupigania soda zinakuwa kama kikao cha bajeti. Punguza maua ya meza kuu, hayo hakuna anayeyakumbuka kesho yake, pesa hiyo umlipe huyo mtu wa ngazini.

Kama una sherehe mwezi huu, niandikie tarehe hapa chini, nitamuuliza baba yangu habari ya maji. Kavua miaka mingi, hakosei. Homa tutaendelea nazo Jumapili nikitoka zamu ya usiku.