Wateja Mia, Anwani Moja
Ukitaka kujua kampuni ya intaneti inakuthamini kiasi gani, fungua mipangilio ya ruta yako uitazame anwani ya IP ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue huna anwani yako: mnachangia, kama wapangaji wa nyumba yenye mita moja ya umeme ya LUKU. Mmoja akisambaza barua pepe taka, tovuti huifungia anwani mnayochangia, na wote mnaumia. Chanzo ni uhaba. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani hizi, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, taasisi ya Mauritius inayozigawia kampuni za Afrika, tangu Januari 2020 haitoi zaidi ya 1,024 kwa mgawo mmoja. Kubana matumizi kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kusuasua kuhamia mfumo mpya, IPv6, ambako kila nyumba inaweza kupewa fungu lake la mitandao midogo 256 na akiba isitikisike. Wadhibiti wanaopima kasi wapime na hili pia. Nasi wateja, kabla ya kutia saini mkataba, tuulize anwani ni ya kwetu au ya kuchangia.