Vitabu vya Jinja na Mbale Visomwe Viwili Viwili

Ukiwa mkazi wa Jinja au Mbale na ukataka kuuelewa uraia wako, usiishie kwenye Katiba. Soma pia vitabu vinavyosimulia habari za ardhi unayoikanyaga, na usisome kimoja pekee.

Chukua mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Manubhai Madhvani, wa familia iliyojenga kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, alitiwa kizuizini Makindye kabla ya kuihama nchi. Kumbukumbu zake, Tide of Fortune, zilitoka mwaka 2008. Mwaka huohuo wa 1972 Henry Kyemba, mwana wa Busoga, alikuwa mtumishi wa serikali ileile. Baadaye akawa Waziri wa Afya, akatoroka mwaka 1977, na kabla mwaka haujaisha akachapisha A State of Blood. Mmoja anaitazama dola kutoka kizuizini, mwingine kutoka ofisini. Namheshimu Kyemba kwa ushahidi wake, lakini msomaji hana budi kumwuliza analostahili kuulizwa kila mtumishi wa umma: ulijua lini, na kwa nini ulibaki? Madhvani naye aulizwe: mkata miwa wa Kakira yuko wapi katika simulizi hii? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hivyo amejifunza uraia kuliko yule aliyekariri maana ya "utawala bora" ili ajibu mtihani.

Mbale nayo ina jozi yake. Mwaka 1993 Michael Twaddle alichapisha historia ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeusambaza utawala wa Waingereza mashariki mwa Uganda, kisha akafarakana nao na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi, ambao wangalipo vilimani nje ya mji. Timothy Wangusa, mzaliwa wa huko, alikuwa amekwisha kutoa riwaya yake Upon This Mountain mwaka 1989. Humo kijana Mwambu anakua kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huku jando linamwita upande mmoja, na kanisa na shule upande wa pili. Historia inamfuata aliyekuja kutawala. Riwaya inamfuata aliyezaliwa hapo.

Sasa shida. Vitabu vyote hivyo vinne viliandikwa kwa Kiingereza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Vema, lakini mtoto wa Mbale akishajua ngeli zote, atasoma nini kinachomhusu? Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, ilisubiri hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akaileta nyumbani kwa jina la Peponi. Ikiwa mshindi wa Nobeli alisubiri muda huo wote, Wangusa atasubiri mpaka lini?

Rai yangu ni kwamba sisi walimu wa Kiswahili wa mashariki tuombe idhini ya wenye haki, tuanze na riwaya hiyo, sura moja kwa kila shule. Mlima, migomba, tohara na shule ya misheni vina maneno yake tayari katika Kiswahili. Palipo na pengo, tuwaulize wazee wanaozungumza Lumasaba. Ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na haitatunyima neno.