Picha ya bi harusi na alama isiyoonekana

Juni iliyopita nilikuwa Iringa kwenye harusi ya binamu yangu. Baridi ile, wallahi, hina ilikataa kukauka! Usiku wa hina tulikuwa wanawake watupu, bi harusi kichwa wazi. Mpiga picha naye alikuwa mwanamke, na picha walitumiwa watu wanne tu. Wiki haikwisha, moja ikaonekana kwenye stetasi ya mwanamme asiyetuhusu. Lawama zote akabebeshwa shangazi, eti kwa sababu ana simu mpya. Mpaka leo yeye na mama wa bi harusi hawasalimiani.

Pembeni ya picha palikuwa na jina la studio. Lile ni tangazo tu: linakatwa mara moja, na halisemi nakala ilikuwa ya nani. Mimi nasema bi harusi adai alama ya siri ndani ya picha, kila nakala na yake, hata ile inayobaki kwa mpiga picha.

Ni kama ile sura inayojificha ndani ya noti. Picha ya rangi ni vitone vingi mno, na kila kitone kina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kuanzia 0 hadi 255. Buluu ya 200 ukiifanya 201, jicho halitambui, programu inatambua. Vitone vikibadilishwa hivyo kwa mpangilio maalumu, vinabeba namba: ya mama 1, ya shangazi 2. Picha ikivuja, mwenye ufunguo wa mpangilio ule anaisoma.

Ila msidanganyike. Alama nyepesi namna hiyo hufutika picha ikipita WhatsApp, kwani huko hubanwa. Iliyo imara hutawanywa picha nzima, kwenye zile sehemu ambazo jicho linazihitaji, maana hizo zikitupwa picha yenyewe inaharibika. Mwambie mpiga picha aijaribu mbele yako: aitume, aipokee, aisome. Na ufunguo ubaki kwako.

Wapo watakaosema huku ni kupelelezana, na Sura ya Al-Hujurat imekataza. Sura hiyo hiyo imetuonya juu ya dhana, na dhana ndiyo iliyomwumiza shangazi. Waalikwa waambiwe mapema kwamba picha zina alama, basi.

Wala alama haisemi kidole cha nani kilibonyeza. Simu ya shangazi huchezewa na wajukuu kutwa nzima. Lakini angalau tungejua simu ya kuanzia, na pengine isingekuwa yake.