Acheni Kununua Rangi

Wasee wa Meru na Embu, tuambiane ukweli. Tukienda jua kali kuchomelewa geti la trela, lile la kushusha chini ndio pikipiki ipande, tunanunua rangi. Iking'aa, tunalipa. Mshono hakuna anayeuangalia.

Manze, hilo geti si mlango wa choo. Boda peke yake ina zaidi ya kilo 100, na ikikaribia kuingia, uzito mwingi unaangukia hinji. Kama zimeshikwa na nukta tatu zikafunikwa na rangi, siku ziking'oka nani ataumia? Ni yule kijana anayesukuma. Ama geti lidondoke kwa mteremko wa Nithi, na nyuma yako kuna matatu.

Na msiniletee stori ya "mafundi ni wezi". Sisi tukikata bei, yeye anakata rodi. Hesabu ni hiyo tu.

Kwa hivyo hakuna rangi kabla hujaona mshono. Gamba ligongwe litoke. Ukiona mashimo ama ufa, irudiwe. Akichoma safi, lipa bei yake bila kelele. Rangi hata wewe unaweza kupaka.