Zebaki itoke kwenye majiko yetu

Kila inapotajwa zebaki, mazungumzo hukimbilia kwenye samaki. Tunaulizana kama sato wa Ziwa Victoria ni salama, tunakumbushana yaliyowakuta watu wa Minamata kule Japani, ambao ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini. Ni maswali ya haki. Lakini mimi ni muuguzi, nimehudumu katika zahanati za vijiji vya dhahabu mkoani Geita, na kwa anayeishi jirani na mwalo wa kuchenjulia dhahabu naiogopa zaidi hewa anayoivuta uani kwake.

Anayeijua kazi hii anajua inavyokwenda. Mawe yanatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yanasagwa karashani, unga unaoshwa mwaloni, kisha mchanga mzito uliobaki unachanganywa na zebaki kwenye beseni, kwa mikono mitupu. Zebaki inaishika dhahabu. Wanakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha ambacho karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kidonge hicho ndicho kinachochomwa. Nimewahi kusimama nyuma ya nyumba moja nikimtazama mama akikiweka juu ya kipande cha bati, bati juu ya jiko la mkaa, mtoto amelala mgongoni. Akapepea makaa. Kidogo kidogo weupe ukaondoka, umanjano ukajitokeza. Hatukusikia harufu, wala macho hayakutuwasha. Alipomaliza akaifunga dhahabu yake kwenye karatasi, akateleka sufuria ya ugali juu ya jiko lile lile.

Moshi wa kuni unajitangaza, zebaki haijitangazi. Inachemka kwenye nyuzijoto 357, kiwango ambacho makaa yanakifikia bila shida, na ikishakuwa mvuke haionekani. Mtu akimeza tone la zebaki hii ya majimaji, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Akivuta mvuke wake, takribani asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hewa tunayovuta isizidi wastani wa maikrogramu 1 ya zebaki kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, gramu 1 tu inatosha kuifikisha kwenye kikomo hewa yote iliyo juu ya uwanja wa mpira, hadi kimo cha mita 140. Na si yote inayopeperuka kwenda mbali. Nyingine hupoa, ikatua kwenye mabati, kuta, nguo na udongo wa uani, na jua likiwaka hupanda tena.

Madhara yake hayaji kwa kishindo. Yanakuja taratibu, kwa miezi na miaka: usingizi unapotea, mtu anakuwa mkali kwa mkewe na watoto bila sababu, anasahau, anajitenga na watu, fizi zinavimba na kutoka damu, mikono inaanza kutetemeka. Namwomba mgonjwa afumbe macho na kugusa pua yake. Kidole kinaishia shavuni. Namwomba aandike jina lake. Herufi zinapanda na kushuka. Mzee mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba ameacha kunywa chai mbele ya wageni kwa sababu kikombe kinamwagika. Mtaani walishasema ni pombe, wengine wakasema amelogwa. Zahanati nazo mara nyingi huishia kwenye presha, malaria au msongo wa mawazo. Kipimo cha zebaki kwenye mkojo hatuna, na ni nadra mgonjwa kuulizwa: nyumbani kwako nani anachoma dhahabu?

Wala si jambo jipya. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, watafiti waliwapima wakazi wa Lwamgasa, hapa hapa Geita, wakakuta karibu robo ya wachomaji wamedhurika kwa zebaki. Zaidi ya miaka 20 imepita, na jiko la mkaa bado liko uani.

Nasikia sauti zinazotaka zebaki ipigwe marufuku mara moja. Hasira hiyo naielewa. Lakini zebaki inampa mchimbaji hela siku hiyo hiyo, wakati njia nyingine ya kuchenjua, ya matangi ya sayanidi, inataka mtaji na siku za kusubiri. Ukimwendea na polisi peke yake, atafunga mlango na kuchomea chumbani anakolala na wanawe, ambako mvuke hauna pa kutokea. Tuanze na mahali pa kuchomea.

Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa wazi ukome, na umetaja kabisa uchomaji kwenye makazi ya watu. Chombo cha kuanzia kipo, kinaitwa retoti: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, mvuke unapita humo, unapozwa, unarudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Kikitumiwa vizuri hunasa zaidi ya asilimia 90. Wachimbaji wengi hawakipendi kwa sababu wanataka kuiona dhahabu yao inavyobadilika rangi, na siwalaumu. Hiyo ndiyo jasho lao lote. Waonyeshwe kwa dhahabu yao wenyewe, wapime kabla na baada. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi vinavyofundisha uchenjuaji bora. Viwafuate watu mialoni.

Halmashauri zinakusanya ushuru kwenye dhahabu hii. Kila mwalo upate banda moja la kuchomea lenye retoti, mbali na nyumba, na kijiji kitunge sheria ndogo ya kukataza kuchoma uani. Vyumba vya wanunuzi wa dhahabu visisahaulike: dhahabu inayoletwa pale bado ina zebaki ndani yake, nayo hutoka inapoyeyushwa. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza. Itupokelee sampuli za mkojo kutoka zahanati za machimbo.

Nawe unayechoma nyumbani, usisubiri banda. Mjamzito na mtoto wasiwepo kabisa. Jiko la dhahabu lisipikie chakula, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Mtu akitoka kwenye mvuke huu, nusu ya zebaki iliyomo mwilini hutoka kwa takribani miezi miwili. Mikono ikianza kutetemeka, njoo zahanati mapema, na utuambie bila woga kwamba unachoma.